Kumkalisha Mbele Namba Kumi na Saba

Ripoti yangu ya chuo ilipata alama ya juu kuliko zote mwaka ule. Ninayo mpaka leo kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge. Ukurasa wa kumi na mbili una jedwali nililolichora mwenyewe kwa rula, na ndani ya jedwali hilo upo mstari mmoja unaoonyesha wiki hasa ambayo mtoto mmoja wa darasa la saba alitolewa mahari. Nilikuwa na ushahidi huo mkononi na sikujua kuusoma. Kwa kutojua huko nikamharibia kitu kimoja alichokuwa anakipigania, nacho ni kubaki darasani mpaka siku ya mtihani.

Simtaji jina. Wakati ule nilikatazwa na mwongozo wa utafiti, uliosema wanafunzi waandikwe kwa namba. Siku hizi ninajikataza mwenyewe. Alikuwa Namba Kumi na Saba.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu wa saikolojia ya elimu alikuwa ametoka masomoni na neno moja mdomoni, mawasiliano. Mtoto akifeli, mawasiliano. Mwalimu akija kazini amelewa, mawasiliano. Alitudurufia fomu kwa wino wa bluu unaonuka spiriti, yenye safu mbili: mwalimu kwa mwanafunzi, na mwanafunzi kwa mwalimu. Mtu akifungua mdomo unachora kijiti. Vikifika vinne, unavikata kwa cha tano. Mwisho wa wiki unajumlisha, na jumla hiyo ndiyo inayokuambia nani anajifunza na nani amekaa tu. Wenzangu wengi waliichukua fomu ile kama wanafunzi wanavyochukua kila fomu. Mimi niliiamini, maana tangu utoto nilikuwa mtu wa kupenda mambo yanayohesabika.

Nilipangiwa shule moja iliyo mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Dutwa. Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa, Bariadi ikiwa wilaya ya mbali ya Shinyanga. Ulikuwa mwezi wa saba, msimu wa pamba, katika ile miaka ya mwanzo ya soko huria. Ghala la chama cha ushirika lilikuwa limefungwa kufuli, ndani popo, na wanunuzi binafsi wamesimamisha mizani yao kando ya barabara wakiita watu kama wauza mitumba. Redio ilisema uchumi umefunguliwa. Pale kijijini nilichokiona ni josho la ng'ombe lililokauka na kuota majani, kwa sababu dawa ya serikali ilikuwa haiji tena na kila mfugaji aliambiwa ajinunulie. Kupe hawakuambiwa. Mwaka ule mazizi mengi yalibaki miiba mitupu.

Zizi la mwenyeji wangu halikupungua. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa la saba, na ndiye aliyepewa kazi ya kunisimamia, kwa hiyo nililala na kula nyumbani kwake. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi ya mkaa hata siku ya kulima. Alinunua dawa ya kupe kwa mshahara wake na kuwanyunyizia ng'ombe wake kwa pampu ya mkono, ng'ombe mmoja mmoja, akiongea nao. Mkewe alinipokea kwa maneno ya wote, mgeni njoo, mwenyeji apone, akanitandikia kitanda cha binti yake aliyeolewa. Asubuhi alinipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, jioni ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Mwana wao mkubwa alikuwa amepata kazi ya kupima pamba kwa mnunuzi mmoja wa Dutwa, na Jumapili alikuja nyumbani na baiskeli mpya. Niseme mapema kwamba walikuwa watu wema. Wangekuwa wabaya, kisa hiki kingekuwa rahisi kusimulia na mimi ningelala vizuri zaidi.

Wiki ya kwanza niliketi nyuma ya darasa na fomu yangu. Nilichagua wanafunzi ishirini na wanne, nikawapa namba kwa jinsi walivyokaa. Namba Kumi na Saba alikaa dawati la pili, karibu na rafiki yake, Namba Kumi na Nane. Alikuwa na miaka kumi na minne hivi, mrefu, magoti yamejaa vumbi la mbugani, sweta la shule limefumuka kiwiko. Siku ya kwanza tu nilijua huyu atanimalizia wino. Alijibu, aliuliza, alimkatiza mwalimu, alijibu maswali ya wenzake kabla hayajaisha. Ijumaa mwalimu aliandika ubaoni duara lenye kipenyo cha sentimita kumi na nne, akaanza kutafuta eneo lake kwa kutumia ile kumi na nne yenyewe.

"Mwalimu," Namba Kumi na Saba akasema bila kunyoosha mkono, "hicho ni kipenyo. Nusu yake ni saba."

Darasa likasubiri fimbo. Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ubao, akacheka mpaka akaondoa miwani. Akafuta, akamkabidhi mtoto chaki amalizie. Mia moja hamsini na nne. Njiani tukirudi nyumbani aliniambia, "Miaka ishirini nafundisha, mtoto mwenye kichwa kama hiki nimepata wawili. Mmoja ni huyu." Nilihesabu vijiti vyake vya wiki nzima: thelathini na mmoja. Hakuna aliyemkaribia. Namba Kumi na Nane, rafiki yake, alikuwa na viwili.

Jumamosi asubuhi ng'ombe walitoka. Wazee watatu wa ukoo walifika mapema, wakanywa uji, wakaingia zizini na mwalimu kuchagua. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mswaki mdomoni, nikaombwa niondoe tawi la miiba mlangoni, nikaliondoa. Walipita mbele yangu kumi na wawili, majike na madume. Nilimuuliza mama mwenye nyumba wanakwenda wapi.

"Mtoto wetu anaoa," akasema.

"Anaoa wapi?"

"Kwa watu. Utamwona mkwe siku ya harusi, mwalimu." Akaingia jikoni.

Sikuuliza tena. Hujifunzi usipouliza, ndivyo tulivyokuwa tunawaimbia watoto kila asubuhi, lakini mimi kalamu yangu ilikuwa kwa ajili ya darasani.

Jumatatu Namba Kumi na Saba alikuwa amehama. Alikaa dawati la mwisho karibu na mlango, hatua moja kutoka kiti changu, na Kumi na Nane amehama naye. Mwalimu alipoita mahudhurio alifika kwenye jina lake, akaweka alama bila kulitamka, akaruka kwa anayefuata. Niliandika hilo. Alipouliza maswali macho yake yalizunguka darasa zima na kuishia dawati moja kabla ya lile la mwisho. Niliandika hilo pia. Mtoto mwenyewe aliinamisha kichwa kipindi kizima, sweta limevutwa mpaka masikioni, joto lote lile. Ijumaa nikajumlisha. Mwalimu kwake, sifuri. Yeye kwa mwalimu, sifuri. Katika safu ya maelezo nikaandika, kwa mwandiko mzuri: "Mwanafunzi amepoteza ari ghafla. Huenda ni balehe."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa mjinga mwenye rula.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na kila sababu ya kujua. Mimi ni Msukuma. Nilikulia Bariadi mjini, ni kweli, kwa baba aliyekuwa karani na mzee wa kanisa, aliyetuchapa tukizungumza Kisukuma mezani. Lakini mama alizaliwa Kimali, na kila likizo tulikwenda kwa bibi. Siku moja tulikuwa tunatoka kisimani mimi na bibi, ndoo kichwani mwake, tukamwona baba anakuja kwa njia ile ile. Baba kwa bibi ni mkwe. Bibi aliacha njia, akaingia kwenye miiba na ndoo yake, akampa baba mgongo. Baba naye akageuza uso upande wa pili, akapita akitazama mashamba. Hawakusalimiana. Bibi aliporudi njiani alikuwa na damu kwenye miguu yote miwili. Nilicheka. Akaniambia, "Usicheke. Hiyo ndiyo salamu yenyewe."

Basi nilijua. Nilijua kwamba kwetu mtu na mkwe wake wakikwepana ndiyo wanaheshimiana, na kwamba hata baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Ila nilidhani mambo hayo yanaishia mlangoni mwa shule. Darasani kuna mwalimu na mwanafunzi, mkwe atatoka wapi? Wazungu wa zamani walikosea kwa kutojua mila zetu. Mimi nilikosea nikiwa nazijua.

Wiki ya tatu nilimwita nje wakati wa mapumziko, nikamuuliza kwa nini siku hizi hajibu.

"Nasikiliza tu, mwalimu."

"Hupendi tena hesabu?"

"Napenda."

"Unamwogopa mwalimu?"

Akatazama miguu yake. "Hapana. Namheshimu."

"Basi mheshimu kwa kujibu," nikamwambia, na nilijiona nimesema jambo la busara. Akainua macho akaniangalia. Nilidhani ananishangaa kwa sababu nimesoma. Leo nadhani alikuwa anapima kama ninaweza kuambiwa, akaona siwezi.

Wiki hiyo hiyo jambo lingine lilitokea kwenye fomu. Namba Kumi na Nane, wa vijiti viwili, alipanda hadi ishirini na sita. Kila swali gumu mkono wake juu. Aliangalia chini kwanza, halafu akajibu, na alikuwa sahihi. Nikaandika kwamba amehamasika kwa kuwa mwenzake amemwachia nafasi. Nililipenda wazo hilo. Nilipanga kuliwekea kichwa chake cha habari.

Halafu ikaja barua kwamba mkufunzi atapita kutukagua Jumatano ya wiki ya nne. Katika fomu palikuwa na sehemu ya mwisho, "Jaribio la kuboresha mawasiliano," na mimi sikuwa na jaribio. Nikapata akili: wanafunzi wote wenye sifuri wahamie madawati ya mbele, waliochangamka warudi nyuma. Nilimweleza mwalimu tukiwa njiani kurudi nyumbani. Alikuwa anasukuma baiskeli, akasimama.

"Kila mtoto na akae pale anapoona vizuri," akasema.

"Lakini mwalimu, wa nyuma wamenyamaza kabisa. Hasa yule Kumi na Saba. Wewe mwenyewe ulisema ana kichwa."

"Nilisema."

"Basi tumsaidie."

Alisukuma baiskeli mpaka tukafika mtoni. Angeweza kunieleza. Lakini mimi nilikuwa mtu wa chuo, ninaandika kila kitu kwenye daftari, na mwalimu kumwozesha mwanawe mwanafunzi wake lilikuwa jambo la kufukuzwa kazi na kufikishwa polisi. Tulipovuka akasema, "Mkufunzi wako ni lazima aone hilo?" Nikasema ni lazima. Akasema, "Haya." Nililichukua neno hilo kama ruhusa.

Jumatano nikafika darasani kabla ya kengele, nikawapanga. Kumi na Saba nilimkuta kwenye dawati lake la mlangoni, nikamwambia aje mbele. Hakutoka. Nikamshika mkono. Nakumbuka mkono huo, ulivyokuwa mkavu na mwepesi, na kwamba haukuvutana na mimi hata kidogo. Nilimkalisha dawati la kwanza katikati, hatua mbili kutoka ubaoni. Kushoto kwake nikamkalisha Namba Tisa, mwingine wa sifuri. Kumi na Nane nilimpeleka mwisho kabisa, upande wa dirisha. Alianza kusema kitu, nikamwambia akae.

Mkufunzi alifika na pikipiki, akafuta vumbi, akapewa kiti changu cha nyuma. Mwalimu akaingia. Aliona, akageukia ubao, na kwa dakika ishirini nzima hakugeuka. Alifundisha kwa mgongo. Aliandika maswali matano, moja moja, akisubiri kila moja lijibiwe, na waliojibu aliwajua kwa sauti. La tano alichora duara, akaandika kipenyo: sentimita kumi na nne. Ndilo lile lile. Sasa naamini alilichagua kwa ajili yake, ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kumwambia kitu.

Watoto sabini, na wote walijua, isipokuwa watu wawili wenye kalamu.

"Mwalimu," mkufunzi akasema kutoka nyuma, kwa upole wa wakaguzi, "tunaomba umshirikishe huyu wa mbele. Huyu binti. Asimame, akutazame, aseme jibu kwa sauti."

Mwalimu aliuambia ubao: "Aliye mbele, ajibu."

Namba Kumi na Saba alisogeza daftari lake kidogo kuelekea kushoto. Namba Tisa alilitazama, akamtazama yeye, akatazama mbele.

"Simama, binti," mkufunzi akasema tena. "Mwalimu wako hali watu. Mwalimu, tafadhali, mgeukie."

Mwalimu akageuka. Uso kwa uso, hatua mbili. Mtoto aliteremka kutoka kwenye dawati, akapiga magoti sakafuni, akaligeukia dawati na kuficha uso kwenye ubao wa kiti, sweta juu ya kichwa. Nyuma mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Bukwi," yaani ukwe, mambo ya wakwe hayo, na darasa zima likainamisha macho kama walivyofundishwa makwao. Mwalimu aliweka chaki mezani. Alikosa pa kuiweka vizuri, ikabingirika ikaanguka. Akatoka nje, na dirishani tulimwona anakwenda haraka kuelekea vyooni, miwani mkononi. Ndipo yule mtoto akainuka. Alipita ukutani, nyuma ya madawati yote, mbele ya mkufunzi, mbele yangu, akatoka. Hakuchukua daftari.

Mkufunzi akaniashiria niandike. Nikaandika: "Dakika ya ishirini na mbili, Namba Kumi na Saba ametoka bila ruhusa."

Mchana nilipofika nyumbani mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta mtama. Hakuinuka kunipokea mkoba kama siku zote.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa Bariadi, mama."

"Bariadi ni mji. Mama yako kazaliwa wapi?"

"Kimali."

"Basi ulijua." Akapepeta mara mbili tatu. "Yule ni mkwe wetu. Ng'ombe zile ulizifungulia mlango wewe mwenyewe."

Akaendelea bila kupandisha sauti, na ningefurahi kama angepandisha. Baba wa yule binti alikuwa amemaliza ng'ombe wote kwa kupe, akabaki na ndama wawili, na mtu asiye na zizi kwetu ni mtu wa kupita tu. Mwalimu naye alimtakia mwanawe mke mwenye akili kuliko wote aliowafundisha. Lakini mama wa binti alikuja akapiga magoti pale pale uani. Aliomba mtoto aachwe mpaka mtihani wa mwezi wa tisa. Akichaguliwa kwenda sekondari, ng'ombe warudi na yeye aende akasome. Asipochaguliwa, ni mkwe. Mwalimu alikubali siku ile ile, na mkewe alisema hakuwahi kumwona amefurahi hivyo. Baba wa binti ndiye aliyeweka sharti. Heshima isivunjike. Asikae mbele ya baba mkwe, asimjibu, asitazamane naye. Siku itakapovunjika, shule imekwisha.

"Alikuwa amebakiza wiki saba," akasema. "Wiki saba tu za kunyamaza. Na alikuwa anaziweza."

Kesho yake nilikwenda kwao. Nilimkuta mama yake chini ya kivuli cha paa, amezungukwa na pamba, anachambua, nyeupe huku na fifi huku, yaani ile yenye madoa. Nikasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, akaitikia na kunipa kigoda. Mikono yake haikusimama.

"Wanunuzi wa siku hizi wanachanganya tu, hawaangalii fifi," akasema. "Mimi mkono umeshazoea."

Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Akasema amepelekwa Migato kwa shangazi yake, na huko ndiko watakakomchukulia. Baba yake alikuwa amepeleka habari jana ile ile kabla ya jua kuzama.

"Mayu, nisamehe. Nilitaka asikike."

Aliitazama punje moja ya pamba, akaitoa uchafu. "Alikuwa anasikika, mwalimu. Yeye alikuwa anaandika majibu, mwenzake anasoma. Kila jioni wanakuja hapa wananihadithia, leo tumejibu matano, leo tumejibu saba. Tumejibu, wanasema. Hata mwalimu alikuwa anajua. Swali gumu anamwuliza mwenzake." Akaweka pamba upande wa fifi. "Sasa huyo mwenzake ulimpeleka wapi?"

Niliondoka bila kuaga vizuri, na njia nzima nililia kwa sauti, mashambani hakuna mtu.

Ningeweza kufanya kitu. Polisi walikuwepo Bariadi, afisa elimu alikuwepo, sheria ilikuwepo. Nimejipa sababu nyingi kwa miaka hii: kwamba mwalimu angefungwa na alikuwa mtu mwema, kwamba wanakijiji wangeufunga mdomo wangu, kwamba mtoto asingekubali kutoa ushahidi. Zote zina ukweli kidogo. Sababu kamili ni kwamba fomu yangu ya mazoezi ilihitaji sahihi ya mwalimu yule ili nihitimu, na kalamu ilikuwa mfukoni mwake. Alinisainia Ijumaa ya mwisho. Aliandika, "Anajituma na ni mwangalifu." Hatukuzungumza juu ya mtoto, yeye wala mimi. Kama ningechora vijiti vyetu vya siku zile, vingekuwa sifuri kwa sifuri. Mkewe alinifungia michembe ya safari, nikaipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, wabeja.

Chuoni nikaandika ripoti. Ilipendekeza kwamba wanafunzi wasioshiriki wakalishwe madawati ya mbele. Mkufunzi aliipenda sana sehemu hiyo, akaidurufu kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka uliofuata, na nimewahi kuingia shule moja huko Bariadi, miaka mingi baadaye, nikakuta imebandikwa ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu. Sikuibandua. Wala sikumwona tena Namba Kumi na Saba. Nilisikia tu kwamba harusi ilifanyika mwezi wa nane na kwamba mwezi wa tisa, siku za mtihani, alikuwa shambani Migato na wanawake wenzake, anaokota pamba ya mwisho.

Daftari lake lilibaki kwangu. Nililiokota siku ile kama kielelezo cha utafiti, nikalitia kwenye mkoba, na sikulifungua mpaka ripoti ilipokuwa imeshapigwa chapa na kujalidiwa. Nililifungua mchana mmoja, kwenye maktaba ya chuo, nikitafuta karatasi tupu.

Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ni wa Jumatano ile. Maswali yote matano yapo, kwa mwandiko wake wa kulala kulia, na majibu yote ni sahihi. La tano ni duara. Ameandika kwanza, kipenyo 14, nusu yake 7. Halafu 154, kwa tarakimu kubwa kuliko zote, kubwa kiasi cha mtu wa pembeni kuisoma bila kuinama, na ameipigia mistari miwili chini.

Alikuwa amejibu. Alisogeza daftari kushoto, mahali mwenzake alipokuwa anakaa, akasubiri lisomwe. Nami pale nilikuwa nimemweka Namba Tisa, ambaye alipata sifuri kwa wiki nne kwa sababu hakuwa anajua kusoma.